UZI: Samuel W. Johnson, mkemia aliyewaumbua wauza mbolea feki wa Marekani karne ya 19

Kichuguu Cheusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa kupanda ukikaribia, nyuzi za mbolea zinajaa humu. Mara feki, mara bei, mara nani kapigwa na nani kampiga mwenzake. Leo namleta jamaa ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia: Samuel William Johnson. Kazaliwa 1830 Kingsboro, jimbo la New York, kafariki 1909. Mkemia wa kilimo, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, na mtu aliyehangaika miaka ishirini mpaka Marekani ikapata kituo chake cha kwanza cha utafiti wa kilimo kinacholipiwa na jimbo, mwaka 1875.

Nitashusha kwa vipande, natumia simu.

Kwanza mazingira. Miaka ya 1840 mashamba mengi ya mashariki ya Marekani yalikuwa yamechoka. Vijana wanafunga virago wanakwenda magharibi kwenye udongo mbichi, na waliobaki wanatafuta cha kuurudishia udongo nguvu. Mwaka 1840 Mjerumani Justus von Liebig akatoa kitabu cha kemia ya kilimo, akasema mmea haujengwi na mboji kama watu walivyoamini, unajengwa na hewa, maji na madini. Ukivuna, umeondoa madini shambani, na usipoyarudisha shamba litakufa. Wakulima waliokuwa wanasoma magazeti wakaipokea hiyo kama habari njema.

Na habari njema ikifika, wachuuzi hawako mbali. Kulikuwa na guano, kinyesi cha ndege wa baharini kutoka visiwa vya Peru, kikali kweli kwa naitrojeni, lakini bei yake ilikuwa ya kuumiza. Kulikuwa na mifupa ya kusagwa. Kulikuwa na superfosfeti, yaani mifupa au mawe ya fosfeti yaliyomwagiwa asidi ya salfa, jambo ambalo Mwingereza John Bennet Lawes alilichukulia hataza 1842. Na kulikuwa na poudrette, kinyesi cha vyoo vya New York kilichokaushwa na kuchanganywa na udongo. Zote hizi zinauzwa kwenye mapipa na magunia yenye jina kubwa nje. Ndani? Mwenyezi Mungu na muuzaji ndio wanaojua. Unga wa kahawia ni unga wa kahawia, macho hayawezi kutofautisha guano na vumbi la barabarani lililonyunyiziwa guano kidogo ipate harufu.

Naendelea baadaye kidogo.

MamaNgano

Nimekaa mkao wa kula. Hiyo ya harufu nimeicheka, mbona mbinu hazizeeki?

Shingo Upande

Mkuu shusha. Ila hawa wazungu wa karne ya 19 wanatuhusu nini sisi wa heka mbili?

Kichuguu Cheusi

@Shingo Upande subiri tufike kwenye hesabu za gunia, utaniambia kama zinakuhusu.

Sasa Johnson mwenyewe. Alikulia shambani Deer River, kaskazini mwa New York, baridi kali, baba yake mkulima mwenye uwezo wa wastani. Shuleni Lowville akaangukia mikononi mwa mwalimu aliyempenyezea kemia, na haikutoka tena. Akiwa na miaka 17 alikwisha andika makala kwenye gazeti la wakulima, The Cultivator, kuhusu namna ya kuizuia amonia isipotee kwenye samadi. Akajijengea maabara pale pale nyumbani. Akafundisha shule za vijijini kudunduliza ada, na mwaka 1850 akaingia Yale.

Msidhani Yale ya wakati ule ilikuwa na maabara kubwa ya kilimo. Ilikuwa na nyumba ya zamani ya mkuu wa chuo, na ndani yake kijana mmoja aitwaye John Pitkin Norton. Huyu Norton nampenda sana. Alizaliwa 1822, akaenda Edinburgh kwa James Johnston na Utrecht kwa Mulder kujifunza kemia ya kilimo, akarudi kuwa profesa wa kwanza wa somo hilo Yale. Mshahara wa chuo hakuna. Yeye na mwenzake Silliman mdogo walikodi jengo lile kwa chuo chao wenyewe na kuishi kwa ada za wanafunzi na kazi za uchambuzi. Somo la wakulima lilionekana halina hadhi ya kukaa meza moja na Kilatini na Kigiriki.

Norton aliandika kitabu cha shule cha kilimo cha kisayansi, akaandikia magazeti ya wakulima mfululizo, akawa anafundisha New Haven, mji wa Yale jimboni Connecticut, na bado anasafiri kwenda Albany kutoa mihadhara majira ya baridi. Kifua kikuu kikamwondoa 1852, umri miaka 30. Yaani mtu aliyetakiwa kuijenga kemia ya kilimo ya Marekani alizikwa kabla hajaanza, na mzigo ukabaki kwa wanafunzi wake. Johnson alikuwa mmoja wao.

1853 Johnson akapanda meli kwenda Ujerumani. Leipzig kwa Erdmann, kisha Munich kwa Liebig mwenyewe. Lakini kilichomkamata zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa nje kidogo ya Leipzig, sehemu inaitwa Möckern. Pale wakulima wa Saxony na serikali yao walianzisha kituo mwaka 1851: shamba, maabara, mkemia anayelipwa kufanya utafiti tu, na sheria inayokilinda. Mkemia hamtegemei muuza mbolea, hategemei ada za wanafunzi. Johnson akawa anaandika barua za kueleza habari hizo kwenye magazeti ya wakulima ya kwao. Aliporudi 1855 tayari alijua anachotaka. Kilichobaki ni nani atalipa.

Njugumawe

Nachomekea. Kipindi hicho hicho kuna Mmarekani mwingine aliyepita Leipzig, Evan Pugh, mtoto wa Wakweka (dhehebu la Kikristo) wa Pennsylvania. Huyu alianza kama mwanagenzi wa mhunzi baada ya baba yake kufariki, akajinunulia uhuru wa mkataba wake akaenda shule. Shahada ya uzamivu akachukua Göttingen 1856. Halafu akaenda kituo cha majaribio cha Rothamsted, Uingereza, kwa Lawes (yule wa superfosfeti) na mwenzake Gilbert, kutafuta jibu la swali lililokuwa linawagombanisha Wafaransa: je, mimea inaweza kula naitrojeni ya hewani moja kwa moja? Boussingault anasema haiwezi, Ville anasema inaweza.

Pugh akafunga mimea ndani ya vioo, hewa inayoingia inapitishwa kwanza kwenye asidi ya salfa kuondoa amonia, udongo umechomwa moto mpaka hakuna kitu. Kazi safi mno. Jibu: mimea haili naitrojeni ya hewa. Ikachapishwa 1861 na Royal Society, na wakubwa wakaifunga mada.

Sasa utamu uko hapa. Alipochoma udongo aliua bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde. Mwaka 1886 Hellriegel na Wilfarth, Wajerumani, wakaonyesha kwamba mbaazi zinapata naitrojeni ya hewa kupitia vile vinundu. Jaribio lile lilikuwa safi kiasi cha kumfukuza shahidi mwenyewe mahakamani.

Pugh hakuishi kuyaona hayo. 1859 alirudi kwao kuongoza shule ya wakulima ambayo leo ndiyo Penn State, 1861 ikatoa wahitimu 11, akaoa Februari 1864, Aprili homa ya matumbo ikamuua. Miaka 36.

MamaNgano

Miezi miwili ya ndoa! Masikini. Na huyu Norton 30. Kemia ya kilimo ilikuwa na mkosi gani?

Kichuguu Cheusi

@Njugumawe asante sana, hiyo ya vinundu nilikuwa nimeiacha kwa kuogopa uzi kuwa mrefu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Johnson amerudi, amepewa nafasi ya kufundisha Yale, na 1857 chama cha kilimo cha jimbo la Connecticut kinamfanya mkemia wake. Kazi: nunua mbolea zinazouzwa jimboni, zipime, waambie wakulima.

Angeweza kutoa majedwali ya asilimia tu. Amonia kadhaa, asidi ya fosforasi kadhaa, maji kadhaa, mchanga kadhaa. Mkulima angeyaangalia na kuyafungia samaki. Alichofanya, kwa njia aliyoichukua kwa Wajerumani, ni kuvigeuza virutubisho kuwa pesa. Alijiuliza: ukitaka kununua ratili moja ya naitrojeni leo sokoni kwa njia rahisi kabisa inayoaminika, inakugharimu senti ngapi? Guano halisi ya Peru ikampa jibu. Fosforasi isiyoyeyuka, mifupa ikampa jibu. Fosforasi inayoyeyuka, superfosfeti nzuri. Akapata bei ya kila kirutubisho, akaizidisha na kilichomo ndani ya tani ya kila mbolea, akapata thamani. Kisha akaandika namba mbili zikiwa zimekaa jirani: thamani ya kilichomo, na bei inayouzwa.

Hapo ndipo moto ulipowaka, maana namba hizo mbili hata asiyejua kemia anazielewa. Mbolea fulani inauzwa dola nyingi kwa tani na ndani mna za dola chache, na jina la kiwanda limeandikwa.

Mtu mmoja mashuhuri aliyekumbana na kalamu yake ni James Jay Mapes wa New Jersey. Mapes alikuwa akiitwa Profesa, ana gazeti lake la wakulima, anachambua udongo wako kwa malipo kisha anakushauri ununue superfosfeti, na superfosfeti ni ya kwake. Johnson aliipima bidhaa hiyo na kuandika wazi kwamba haikulingana na sifa zake. Wapenzi wa Mapes walikuja juu. Huyu kijana wa Yale ni nani? Johnson akaendelea kupima.

Bonde la Ufa

Ndugu yangu, hii stori sisi Wakenya hatuhitaji kutafsiriwa. 2024 mbolea ya ruzuku ilifika kwa wakulima, magunia yana lebo safi, na ndani watu wakakuta kitu kama changarawe. Ikafika bungeni, waziri akaponea chupuchupu kung'olewa. Na wakati huo mvua haingoji kamati imalize vikao. Mahindi yakishapandwa na udongo mtupu, hata ukirudishiwa pesa msimu umeenda.

Mzee wa Pembejeo

Mimi ni muuzaji, nina duka la pembejeo, na nasema huyo Johnson alikuwa anatuonea. Thamani ya kilichomo! Na usafiri? Na kodi ya pango? Na mkopo ninaompa mkulima mpaka avune, nusu yao hawalipi? Mbolea haijiangushi kutoka mbinguni mpaka kijijini. Mkemia anakaa New Haven na mizani yake, halafu ananipangia bei.

Kichuguu Cheusi

@Mzee wa Pembejeo hoja yako ni ile ile waliyoitoa watengenezaji wa wakati ule, na ina ukweli. Vituo vyenyewe vilikuwa vinaandika onyo kwenye ripoti zao: thamani hii ni ya kibiashara, bei ya virutubisho sokoni, haisemi mbolea itakupa mavuno gani shambani kwako, wala haisemi muuzaji asipate faida. Johnson hakupanga bei ya mtu. Alichokuwa anasema ni kwamba pengo likiwa dogo, hiyo ni usafiri na faida yako, halali. Pengo likiwa mara tatu, tueleze.

Halafu angalia upande wa pili: mtengenezaji mwaminifu ndiye aliyefaidika kuliko wote. Kabla ya hapo alikuwa anashindana na mtu anayeuza mchanga kwa bei ya chini. Baada ya muda viwanda vizuri vikawa vinataka vipimwe, vikatangaza kwa matokeo hayo.

Sasa niingie sehemu ambayo mimi naiona ndiyo ya ujasiri kuliko hii ya matapeli. Kumshambulia tapeli ni rahisi, watu wanakupigia makofi. Johnson alishambulia pia kitu ambacho wakulima wenyewe walikuwa wanakipenda, na kilichokuwa kinawaingizia wakemia hela: kupima udongo.

Ilikuwa homa. Tuma kopo la udongo na dola zako, mkemia anakuandikia hati: shamba lako limepungukiwa potasi, weka potasi. Majimbo yaliajiri wakemia wazunguke kupima udongo wa wilaya nzima. Mwaka 1861 Johnson akaandika kwenye American Journal of Science makala ya kuikosoa kazi ya namna hiyo iliyofanywa Kentucky na Arkansas. Msingi wa hoja ni hesabu ambayo unaweza kuifanya kwa peni. Nitaiweka kwa vipimo vyetu.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20, hiyo ni kama mita za ujazo 809. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida ina uzito wa takriban tani 1.3. Kwa hiyo udongo unaoulima kwenye ekari moja ni kama tani 1,050. Chukua mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosfeti, wa kilo 50. Naitrojeni ni asilimia 18, yaani kilo 9. Kilo 9 ndani ya kilo 1,050,000: haifiki hata sehemu moja katika laki moja. Mfuko huo unaweza kuyabadilisha mahindi yako kwa macho kabisa, majirani wakauliza umefanya nini, lakini mkemia wa 1861 akipima naitrojeni yote ya shamba kabla na baada, mizani yake haitaona kitu. Na hapo sijagusa suala la sampuli: chota kona hii, chota karibu na zizi la zamani, utapata mashamba mawili tofauti.

Zaidi ya hapo, madini kuwepo kwenye udongo hakumaanishi mzizi unayafikia. Ukiyeyusha udongo kwa asidi kali utapata fosforasi ya kutosha miaka mia, na mmea unaota mwekundu kwa njaa juu yake.

Sasa hebu fikirieni, mkemia anasimama kuwaambia watu msitulipe kwa kazi hii, haiwasaidii. Wangapi leo wangeandika hivyo?

Mkaanga Sampuli

Nafanya kazi maabara ya udongo, naomba niingie kabla watu hawajaacha kuleta sampuli.

Alichokikataa Johnson ni kupima jumla ya madini yote. Hicho hata sisi hatukifanyi kwa mkulima. Leo tunatumia vimiminika dhaifu vinavyotoa sehemu ile ambayo mzizi unaweza kuipata: Bray, iliyotoka 1945, kwa udongo wenye asidi, Olsen ya 1954 kwa udongo wenye chokaa, Mehlich na nyinginezo. Na namba inayotoka haina maana peke yake. Inapata maana kwa sababu watu walipanda majaribio shambani kwa miaka mingi, wakaona kwamba udongo ukisoma chini ya kiasi fulani mbolea inajibu, ukisoma juu haijibu. Mahali ambapo majaribio hayo hayajafanywa, hata mashine ya mamilioni inakupa namba ya kupamba ukuta.

Uchachu wa udongo, yaani pH, huo pima bila kuwaza mara mbili. Ni rahisi na unaaminika. Watu wanamwaga DAP kwenye udongo wa pH 4.8 halafu wanalalamikia DAP, kumbe chokaa ndiyo ilitakiwa kutangulia.

Sampuli: chota sehemu 15 hadi 20 za shamba kwa zigzaga, changanya kwenye ndoo safi, leta nusu kilo. Na ndoo iliyokuwa na mbolea usiitumie, tafadhali sana.

Kichuguu Cheusi

@Mkaanga Sampuli umenyoosha vizuri. Na majaribio ya shambani ndiyo Johnson aliyokuwa anayadai: uliza mmea wenyewe, kwa kituo chenye watu wa kudumu na muda.

Kituo hicho kilichukua muda mrefu kuliko alivyotegemea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, pesa hakuna. Akaandika vitabu. How Crops Grow, 1868, kinaeleza mmea umeumbwa na nini na unakuaje, na How Crops Feed, 1870, kinaeleza unavyolishwa na hewa na udongo. Hivi vilifundishia kizazi kizima Marekani, na hicho cha kwanza kilitafsiriwa mpaka Kirusi na Kijapani. Darasani hakuwa mzungumzaji wa kusisimua, lakini mwanafunzi wake mmoja, Wilbur Atwater, aliivaa ndoto yake.

1875 ndipo mlango ulipofunguka, na ulifunguka kwa kisu cha mbolea. Mchapishaji wa gazeti la wakulima, Orange Judd, alitoa dola 1,000, Chuo cha Wesleyan mjini Middletown kikatoa maabara, bunge la Connecticut likatoa dola 2,800 kwa mwaka kwa miaka miwili. Mkurugenzi Atwater. Kazi ya kwanza ikawa kupima mbolea, kwa sababu hiyo ndiyo mbunge na mkulima waliyoielewa: weka dola 2,800, okoa dola nyingi zaidi zinazoliwa na magunia ya udongo. 1877 kituo kikahamishiwa New Haven, Johnson akawa mkurugenzi mpaka 1900.

Hii mbinu ilikuwa na bei yake, na hapo ndipo watu wanaomsifu Johnson huwa wanapita haraka. Ukijiuza kwa wakulima kama polisi wa mbolea, watakutaka uwe polisi wa mbolea maisha yako yote. Mamia ya sampuli kila mwaka, na utafiti wenyewe, ule aliouona Möckern, unafanywa usiku au haufanywi. Sheria ya Hatch ya 1887, iliyompa kila jimbo dola 15,000 kwa mwaka kutoka serikali kuu kwa ajili ya vituo, ndiyo iliyolegeza kamba kidogo.

Upimaji wenyewe nao ulileta ugomvi. Maabara mbili zinapima gunia moja zinatoa namba mbili, kiwanda kinakwenda na ile kubwa. Ndiyo maana 1884, pale Philadelphia, wakemia wa majimbo waliunda chama cha kukubaliana njia moja ya kupima. Chama hicho ni AOAC. @Mkaanga Sampuli bila shaka unazo karatasi zake kabatini.

Mkaanga Sampuli

Ninazo, na zinaudhi kwa urefu. Ila bila hizo hakuna kesi inayosimama mahakamani.

Shingo Upande

Mnasifia sana. Niulize la pembeni: hivi vyuo vya kilimo vya Marekani vilijengwa kwa pesa gani? Ile sheria ya Morrill ya 1862 ilivigawia vyuo ardhi, ekari 30,000 kwa kila mbunge na seneta wa jimbo, waiuze wapate mtaji. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wahindi Wekundu, karibu ekari milioni 11 kutoka kwa mataifa yapatayo 250. Yale nayo ilikula humo. Basi tuseme na hilo, isiwe hadithi ya mzungu mwema na mizani yake tu.

Kichuguu Cheusi

@Shingo Upande ni kweli, na Connecticut fungu lake lilikwenda Yale, kwenye shule ile ile aliyokuwa anafundisha Johnson. Na cha kuongezea: wakulima wa Connecticut nao walinuna, kwa sababu wanafunzi wa kilimo pale walikuwa wa kuhesabika. Walilalamika kwamba pesa ya mkulima inasomesha wahandisi. Mwaka 1893 jimbo likawanyang'anya Yale fungu hilo likalipeleka Storrs, kwenye chuo cha wakulima. Johnson alikuwa bado hai na bado anafundisha. Kwa hiyo heshima ya wakulima aliipata kupitia kituo kuliko darasa.

Tanga Raha

Mimi niko Muheza, na mlipotaja vituo vya Wajerumani nikakumbuka mlima wangu. Amani! Wajerumani walifungua kituo cha biolojia na kilimo pale Usambara Mashariki 1902, enzi za ukoloni wao. Maabara, maktaba, bustani ya majaribio ya mimea kutoka dunia nzima. Mikwinini, mipira, bado utaiona ukipanda kule. Ni ukoo mmoja na Möckern, tofauti ni kwamba Möckern ilianzishwa na wakulima wenyewe, na Amani ilianzishwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Mkulima wa Kisambaa hakuna aliyemuuliza kitu.

Njugumawe

Hiyo tofauti ndiyo kubwa kuliko zote zilizotajwa humu.

MamaNgano

Mkuu mwanzisha uzi, alikufa tajiri au alikufa kama walimu wetu?

Kichuguu Cheusi

@MamaNgano utajiri sijausikia. Alistaafu kufundisha 1896, kituo akakiacha 1900. Mkwe wake ni Thomas Osborne, aliyekuwa anafanya kazi hapo hapo kituoni, bingwa wa protini za mbegu. Osborne na Mendel wa Yale ndio walioonyesha 1913 kwamba panya wasiopata mafuta ya siagi wanadumaa, kitu ambacho leo tunakiita vitamini A. Wenzao wa Wisconsin waliwatangulia kuchapisha kwa wiki chache tu. Na kituoni hapo hapo Donald Jones alibuni njia ya kuchanganya koo nne za mahindi, mwishoni mwa miaka ya 1910, ikawezesha mbegu chotara kuzalishwa kwa bei ambayo mkulima anaimudu. Yote hayo yalitoka kwenye nyumba iliyojengwa kwa hoja ya gunia la mbolea.

Mzee wa Pembejeo

Haya bwana. Nipe hiyo hesabu ya thamani kwa mbolea za leo niibandike dukani. Wateja wananiuliza kwa nini hii ghali na ile rahisi, nachoka kueleza.

Kichuguu Cheusi

Nakupa kwa bei za mfano, wewe weka za kwako.

Tuseme Urea ya kilo 50 ni Sh 69,000. Ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Gawanya: kilo moja ya naitrojeni ni Sh 3,000.

Tuseme DAP ya kilo 50 ni Sh 84,500. Ina kilo 9 za naitrojeni, hizo ni Sh 27,000. Inabaki Sh 57,500. Fosfeti yake ni asilimia 46, kilo 23. Gawanya: kilo moja ya fosfeti ni Sh 2,500.

Sasa analetewa mteja mfuko mpya wa rangi nzuri, umeandikwa 10-20-0, yaani naitrojeni asilimia 10, fosfeti 20, potasi hakuna, kilo 50, bei Sh 65,000. Naitrojeni kilo 5, Sh 15,000. Fosfeti kilo 10, Sh 25,000. Jumla Sh 40,000. Hiyo Sh 25,000 ya juu wakala aieleze: kuna salfa? kuna zinki? au ni rangi ya mfuko?

Ila hiyo ni hesabu ya lebo, mzee. Johnson alianzia pale ambapo wewe na mimi tunaishia, alifungua gunia kwanza.

Mzee wa Pembejeo

Nimeandika. Hiyo ya rangi ya mfuko sibandiki, kuna mawakala watanigomea mzigo.

Mkaanga Sampuli

Mzee, ukipokea mzigo mpya toa gramu mia tano kwenye mifuko kadhaa kabla hujauza, tia kwenye chombo kikavu kinachofunga, andika namba ya bechi na tarehe. Mteja akirudi analalamika, una kitu cha kuleta maabara ambacho hakijakaa shambani kwake.

Mzee wa Pembejeo

Na gharama ya kupima analipa nani, mimi au yeye?

Kichuguu Cheusi

Connecticut walibishana juu ya hilo hilo. Waliishia kumbebesha mtengenezaji ada ya kupimiwa mbolea yake, na naye kwa hakika aliiongeza kwenye bei.